Gari Moja, Ardhi Mbili: Historia ya Springi na Mashindano ya Motokaa

Leo tutasoma habari za kitu ambacho wengi wenu mmekikalia mara nyingi bila kukiona, nacho ni springi ya motokaa. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: springi, shokamzoba, uzito, ardhi. Sasa yasomeni pamoja kwa sauti. Vema. Mkiyashika maneno hayo manne, somo lote litakuwa jepesi.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Je, springi nayo ina historia?" Naam, inayo, na sehemu moja ya historia hiyo iliandikwa katika matope ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ili tuielewe, tutalifuata gari moja la michezo liitwalo Datsun 240Z, lililotengenezwa Japani. Gari hilo lilishinda mashindano makubwa ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Na huko Marekani, watu wa kawaida, si mabingwa wa kulipwa, wangali wanalikimbiza siku za mapumziko katika viwanja vya lami. Lakini ukilichukua gari lililotayarishwa kwa matope yetu ukalipeleka katika uwanja wa lami, litashindwa. Na ukilileta lile la lami huku kwenye mawe, litavunjika siku hiyo hiyo. Kwa nini, na gari ni la aina ile ile? Hilo ndilo swali letu la leo.

KAZI YA SPRINGI NA SHOKAMZOBA

Tuanze na mambo ya kale. Hapo zamani magari ya kukokotwa na farasi huko Ulaya hayakuwa na springi. Ekseli ilifungwa moja kwa moja chini ya gari, na kila shimo la njiani lilipanda mpaka mgongoni mwa abiria. Baadaye watu wakaning'iniza sanduku la gari kwa mikanda ya ngozi. Kisha wahunzi wakajua kufua feleji, yaani chuma kinachopindika na kurudi katika hali yake. Walichukua vipande virefu vya feleji wakavipanga kimoja juu ya kingine, kirefu na kifupi, wakavibana katikati. Mwanzoni mwa karne ya 19 springi za namna hiyo zilienea katika magari ya farasi ya Uingereza, na motokaa zilipozaliwa zikazirithi. Hata leo mkiinama chini ya lori mtaziona.

Lakini springi ina tabia moja mbaya. Ukiibonyeza hurudi juu, na ikirudi hupita mahali pake, kisha hushuka tena, hupanda tena. Gari lenye springi peke yake huchezacheza kama mashua katika mawimbi. Kwa hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20, mafundi wakatafuta chombo cha kuituliza. Vyombo vya kwanza vilikuwa na visahani vilivyobanwa pamoja ili visuguane. Baadaye wakatengeneza bomba lenye mafuta ndani, na pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likipanda au kushuka, mafuta hulazimika kupenya katika matundu hayo, nayo hupita kwa shida. Ile nguvu ya kurukaruka hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana baada ya safari katika barabara mbaya bomba hilo huwa la moto. Chombo hicho ndicho shokamzoba, na mafundi wengine hukiita shokapu.

Sasa sikilizeni vizuri. Wengi hudhani kwamba springi na shokamzoba zimewekwa kwa ajili ya raha ya abiria tu. Sivyo. Kazi yao kubwa ni kulifanya tairi lisiache ardhi. Tairi lililo hewani haliwezi kushika breki, haliwezi kukata kona, wala haliwezi kulisukuma gari mbele. Dereva anayekaza usukani huku tairi zake zikirukaruka ni abiria kama abiria wengine.

SAFARI YA AFRIKA MASHARIKI

Mwaka 1953 Elizabeth wa Pili alitawazwa kuwa malkia wa Uingereza. Wakati huo Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya Waingereza, na wapenzi wa motokaa wa nchi hizo wakaanzisha mashindano kwa ajili ya sherehe hiyo. Waliyaita Coronation Safari. Mwaka 1960 jina likabadilishwa, yakaitwa East African Safari. Magari yalikuwa kama yale yanayouzwa madukani, na mwanzoni yaligawanywa kwa makundi kufuata bei zake.

Ardhi ilikuwa hakimu mkali. Kwa miaka mingi mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, ambao mara nyingi ni wakati wa masika. Asubuhi dereva alikimbia katika vumbi kama la unga, jioni alikwama katika udongo mweusi wa mbuga unaonata kama ugali. Palikuwa na mawe, mito iliyofurika, na makorongo yaliyokata barabara usiku mmoja kabla. Springi zilikatika. Shokamzoba zilichemka hata mafuta yakavuja. Matumbo ya magari yalipigwa na mawe. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, na 7 tu yakafika mwisho. Mwaka 1968 pia yalifika 7 tu.

Jambo la kutazamwa ni hili: katika miaka hiyo miwili migumu washindi walikuwa watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lao lilikuwa la aina ile ile, Peugeot 404. Katikati, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda pamoja na Chris Rothwell, nao pia kwa Peugeot 404. Je, ni bahati tu? Bahati haiji mara nne kwa gari moja. Peugeot 404 halikuwa gari la mbio sana. Lakini springi zake zilikuwa laini na zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Gurudumu liliingia shimoni na kutoka, na mwili wa gari ukaendelea na njia yake.

Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa gari la Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikwisha tumika kabla yake. Lakini lilikuwa imara, tena lilisimama juu ya ardhi vya kutosha. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Nataka mkumbuke gari jingine, Ford Zephyr, ambalo Vic Preston na D. P. Marwaha walishindia mwaka 1955. Magurudumu yake ya mbele yalibebwa kwa mtindo uliokuwa mpya wakati huo, ulioletwa na mhandisi Mmarekani aitwaye Earle MacPherson. Yeye aliunganisha springi na shokamzoba vikawa mguu mmoja uliosimama wima. Springi iliyoviringishwa huzunguka sehemu ya juu ya mguu, na shokamzoba imo ndani yake. Mtindo huo ni mwepesi na una vipande vichache. Leo magari madogo mengi sana yana miguu hiyo mbele.

Datsun 240Z, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969, lilikuwa na miguu ya namna hiyo pande zote nne. Injini yake ilikuwa ya silinda 6 na ukubwa wa lita 2.4, na uzito wake ulizidi kidogo tani moja. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari hilo. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Mike Doughty, nao pia katika 240Z. Mwaka 1973 Mehta, pamoja na Lofty Drews, alishinda mwenyewe. Alikuwa sawa kwa alama na Harry Källström wa Sweden, akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza ya kosa.

Gari la Safari halikutoka dukani na kuingia porini hivi hivi. Mafundi waliliinua, wakaimarisha springi na shokamzoba, wakaweka bamba la chuma chini ili kulinda injini. Lilisimama kama mtu aliyepandisha kanzu yake ili avuke maji. Basi shikeni hilo moyoni, maana sasa tunavuka bahari.

ARDHI YA PILI

Miaka ile ile, 1970 na 1971, dereva John Morton alikuwa bingwa wa Marekani katika daraja lake kwa gari la 240Z. Lakini yeye alikimbia katika viwanja vya lami laini kama sakafu. Huko hapakuwa na korongo wala mawe. Mafundi wake, chini ya Peter Brock, walifanya kinyume cha wale wa Safari: walilishusha gari karibu na ardhi.

Na baada ya mabingwa wakaja watu wa kawaida. Huko Marekani kuna chama kilichoanzishwa mwaka 1944, Sports Car Club of America, ambacho pamoja na mambo mengine husimamia mchezo uitwao otokrosi. Mchezo huo ni wa watu wenye kazi zao: karani, mwalimu, fundi wa umeme. Siku ya mapumziko hukusanyika katika uwanja mpana wa lami, mara nyingi mahali pa kuegeshea magari au kiwanja cha zamani cha ndege. Hupanga vifuniko vya plastiki vyenye umbo la pia ili kuonyesha njia yenye kona nyingi. Kwanza madereva huitembea njia hiyo kwa miguu. Kisha gari moja moja hukimbia peke yake, na saa huhesabu. Mara nyingi mbio moja haifiki dakika nzima au huizidi kidogo. Ukiangusha kifuniko kimoja, unaongezewa sekunde 2. Waingereza nao wana mchezo wenye jina hilo hilo, lakini wao huukimbia katika viwanja vya majani na udongo.

Mwenye 240Z ya zamani hupenda sana mchezo huu. Gari lake lina umri wa zaidi ya miaka 50, na mifuko yake mwenyewe si mirefu. Je, atalitayarishaje?

JINSI YA KULISAWAZISHA GARI

Kwanza, humtibu mgonjwa kabla ya kumfunza mbio. Gari la umri huo limekula kutu. Bushi za mpira zilizo katika viungo vyake zimekauka na kupasuka. Bushi ikiwa imekufa, gurudumu huelekea linakotaka lenyewe. Mtu akinunua springi za bei kubwa akazifunga katika chesisi yenye kutu, ametupa fedha na amehatarisha maisha yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni jeki, tochi, na kukagua kila kiungo.

Pili, hutazama tairi na upepo wake. Kuna njia rahisi sana. Chukua chaki, hii hii ya mwalimu ubaoni, upake ukingoni mwa tairi, pale uso wa tairi unapokutana na ubavu wake. Kimbia mbio moja, kisha tazama. Kama chaki imefutika mpaka mbali ubavuni, tairi linalala katika kona, ongeza upepo. Kama chaki haikuguswa hata kidogo, upepo umezidi, punguza. Kwa chaki ya senti chache umejua habari ambayo jicho haliwezi kuiona.

Tatu, hulishusha gari kidogo. Kwa nini? Mfikirie mtu mwenye debe la maji kichwani. Akigeuka ghafla, debe humvuta upande. Lakini akilibeba kiunoni, halimvuti sana. Vivyo hivyo, uzito wa gari ukiwa chini, katika kona hauhamii sana upande wa nje. Lakini hapa wengi hukosea kwa tamaa. Miguu ile ya MacPherson ikishushwa kupita kiasi, mkono wa chini unaoshika gurudumu huelekea juu badala ya kulala sawa. Hapo gari huinama zaidi katika kona, si kidogo, na tairi husimama vibaya. Tena springi hukosa nafasi ya kushuka, na mguu hugonga mwisho wake. Gari linaonekana zuri kwa macho na huku ni bovu katika kona.

Nne, hurekebisha namna tairi linavyosimama. Katika kona gari huinama, na tairi la nje huinama nalo, likakanyaga kwa ukingo. Kwa hiyo fundi huliegemeza kidogo kwa ndani kabla ya safari, ili katika kona likanyage kwa uso wake wote. Kiwanda hakikuweka mahali pa kurekebisha jambo hilo katika 240Z, na wenye magari hubadilisha vipande vya juu au vya chini vya mguu ili waweze.

Tano, husawazisha mbele na nyuma. Chini ya magari mengi kuna fimbo ya feleji inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kazi yake ni kulizuia gari lisilale katika kona. Fimbo ya mbele ikiwa ngumu mno, tairi za mbele huchoka kwanza: dereva anakata usukani, na pua ya gari inakwenda moja kwa moja. Ya nyuma ikiwa ngumu mno, mkia hutoka nje na gari huzunguka. Dawa ni kupunguza ugumu upande unaoteleza kwanza, au kuuongeza upande wa pili. Mwisho kabisa ndipo hurekebisha shokamzoba, kaza au legeza, mpaka gari litulie upesi kutoka kona hii hadi ile.

Lakini chombo kikubwa kuliko vyote si spana. Ni daftari. Kanuni ya mchezo huu ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, na kuandika. Tazameni mfano huu, mwalimu auandike ubaoni:

Mbio ya 1. Upepo mbele 30, nyuma 30. Sekunde 47.1. Pua yakataa kugeuka. Chaki ya mbele imefutika mpaka ubavuni.
Mbio ya 2. Upepo mbele 34, nyuma 30. Sekunde 46.4. Pua yatii. Chaki nzuri.

Mistari miwili tu. Lakini mtu huyu mwezi ujao hataanza upya gizani. Asiyeandika hubadilisha vitu vitatu kwa pamoja, gari likawa zuri au baya, naye hajui ni kwa sababu ya kipi. Kumbukumbu hudanganya, hasa kumbukumbu ya mtu aliyekuwa akikimbia. Daftari halidanganyi. Na ndivyo ilivyokuwa katika Safari: katika kila gari palikuwa na wawili, mmoja akishika usukani, wa pili akisoma njia na kutunza saa. Ushindi ni wao wote wawili.

SOMO HILI NA SISI

Sasa mtasema, "Sisi hatuna gari la mbio." Ni kweli. Lakini mnapanda basi, na wengine mnaendesha malori. Shokamzoba ikifa, tairi la basi hurukaruka katika barabara ya mashimo, na dereva akikanyaga breki gari huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama. Mwendo huo mrefu ndio alipo mtoto anayevuka. Kwa gari dogo kuna kipimo cha mkono: libonyeze kwa nguvu pembeni, kisha liachie. Likipanda na kutulia, ni zima. Likiendelea kuchezacheza, mwenyewe aende gereji.

Na mwenye lori anayeongeza vipande vya springi ili abebe mzigo kupita kiasi, akumbuke kwamba siku lori litakapokuwa tupu, springi zile ngumu hazitapinda, na magurudumu ya nyuma yatarukaruka barabarani. Amelitengeneza gari kwa uzito mmoja, naye anaendesha kwa uzito mwingine.

Basi turudi katika swali letu. Kwa nini gari la aina moja hushinda hapa na kushindwa kule? Kwa sababu hakuna springi nzuri kwa kila mahali. Kuna springi inayofaa uzito fulani na ardhi fulani. Fundi wa Safari aliliinua 240Z kwa kuwa aliisoma ardhi yake, na mkimbiaji wa uwanja wa lami hulishusha kwa kuwa ameisoma ya kwake. Mwaka 2003, miaka 50 tangu Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani katika nchi zetu, na magari ya Datsun ya jamii hiyo yamerudi vumbini. Nayo yamerudi yakiwa yameinuliwa.

Kabla hatujaagana, haya hapa maswali. Kila mtu ajibu katika daftari lake, kisha darasa lizungumze.

1. Kazi kubwa ya springi na shokamzoba ni nini?
2. Mwaka 1963 magari mangapi yalianza Safari, na mangapi yalifika?
3. Kwa nini si vizuri kulishusha gari kupita kiasi?
4. Kwa nini mkimbiaji hubadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja?
5. Andika mistari mitatu juu ya barabara ya kwenu: ina mashimo, mchanga, matope au lami? Gari la namna gani linaifaa?

Jibu la swali la tano halimo katika somo hili. Ninyi ndio mnaoijua ardhi yenu. Kwaherini, na tuonane katika somo lijalo.